Pai ya nyama ya Acadie imegoma? Tafuta ugonjwa wake hapa

Pai yangu ya kwanza ilikaa kwenye oveni saa nzima na dakika kumi, nikaifungua nikakuta ganda jeupe pee, mafuta yameyeyuka yanachuruzika pembeni, na nyama ya katikati vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Nilikuwa nimeseti 180 kama nilivyozoea nyumbani, kumbe oveni nyingi za huku Kanada zinasoma Fahrenheit, na 180 ya Fahrenheit ni kama nyuzi 82 tu za Selsiasi, yaani hapo hujaoka, umeianika juani. Kwahiyo kabla hujaanza kulaumu unga au nyama angalia kwanza oveni yako inaongea lugha gani. Nyuzi 220 za Selsiasi ni kama 425 za Fahrenheit, na 180 ni kama 350. Humu chini namba zote ni za Selsiasi.

Mimi niko Moncton, New Brunswick, na jirani yangu ni bibi wa Kiacadie ambaye kila Desemba jiko lake linageuka kiwanda cha pai. Waacadie ni wazao wa Wafaransa walioanza kuja pwani hii ya Atlantiki mwaka 1604, alafu kuanzia 1755 Waingereza wakawakamata wakawapakia kwenye meli wakawatawanya huku na huko mpaka 1763, wengine wakakimbilia msituni, wengine wakarudi baadae kuanza upya kwenye ardhi mbaya zaidi. Wajukuu zao wapo hapa mpaka leo, na vijana wa Moncton wanaongea chiac, mchanganyiko wa Kifaransa na Kiingereza ambao ukiusikia mara ya kwanza unasema ahaa, kumbe na huku kuna Sheng yao. Pai hii wanaiita pâté à la viande na inaliwa usiku wa mkesha wa Krismasi watu wakitoka misa ya usiku, njaa imeshika kweli kweli.

Sasa kitu cha kwanza kinachowaharibia watu ni kufuata maelekezo ya pai isiyo yenyewe. Ukitafuta pai ya nyama ya Wafaransa wa Kanada utaletewa tourtière ya Quebec, ile kwa kawaida ni nyama ya kusaga iliyopikwa haraka na vitunguu na viungo. Ya Acadie nyama inakatwa vipande, inachemshwa polepole masaa mpaka inachambuka yenyewe, ndo inaingia kwenye ganda. Ukichukua muda wa ile ukaweka kwenye nyama ya hii utatafuna mpaka taya ziume.

Vipimo ninavyotumia kwa pai moja ya sentimita 23, ili tukiongea tuwe tunaongea kitu kimoja: kitimoto ya bega gramu 600, ng'ombe gramu 350, mapaja ya kuku yasiyo na mfupa gramu 300, vitunguu viwili, chumvi, pilipili manga, karafuu ya unga robo ya kijiko cha chai, na majani makavu ya sarriette kijiko kimoja cha chai (ni mmea jamaa na zaatari, una ukali kidogo kama pilipili manga, huku maduka yote wanauza). Ganda ni unga wa ngano gramu 350, mafuta ya nguruwe gramu 170, chumvi kijiko kidogo, maji ya baridi kama mililita 100. Familia nyingi huku wanatia na bekingi pauda vijiko viwili vya chai, ganda linakuwa nene na laini kidogo kama biskuti ya kienyeji. Nyama inachemka masaa mawili na nusu mpaka matatu kwenye maji yanayoifunika tu, moto mdogo, bubujiko moja moja. Kuoka ni dakika 15 kwenye 220 alafu unashusha 180 kwa dakika 40 hivi.

Haya tuje kwenye magonjwa.

Chini pamelowa, pamekuwa kama ugali wa maji

Hili ndo ugonjwa mkuu, nitakaa hapa muda mrefu maana ukilielewa hili nusu ya mengine yanajitibu.

Ganda la chini linaiva kwa moto unaotoka chini ya bati. Mpaka liive linahitaji dakika kadhaa likiwa kavu, unga ukamatane kabla mafuta hayajakimbia na kabla maji hayajaingia. Ukimwaga nyama ya moto na supu yake juu ya donge bichi, mafuta yaliyomo kwenye donge yanayeyuka pale pale kabla hata hujafika kwenye oveni, supu inazama ndani, na baada ya hapo hata uoke mpaka kesho chini ni uji. Juu patakuwa pazuri pa rangi ya dhahabu, utapiga picha, alafu ukikata aibu.

Kwahiyo nyama iingie BARIDI. Siyo vuguvugu, baridi ya friji. Bibi jirani anachemsha nyama siku moja anaoka siku ya pili na nilikuwa nadhani ni kwasababu amechoka, kumbe hapana, ni hivi: nyama ikishaiva anaitoa kwa kijiko chenye matundu anaiweka kwenye chujio, supu anairudisha jikoni ichemke peke yake bila mfuniko mpaka vikombe vitatu vibaki kimoja. Usiku vyote vinalala friji. Asubuhi ile supu imeganda kama jeli, juu ina tabaka la mafuta meupe. Anatoa yale mafuta, anachukua jeli kwa kijiko anaichanganya na nyama kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Hapo akijaza pai hakuna tone la maji linalogusa donge maana supu ni kitu kigumu. Ikifika oveni ganda la chini linapata zile dakika zake za kuiva, na wakati jeli inayeyuka katikati kule, chini pameshakamatana. Nilivyomwona akifanya vile nikajisikia mjinga, pai zangu tatu zote nilikuwa namwaga mchuzi na upawa.

Kama supu yako haikuganda usiku, maana yake ni mbili, hukuichemsha ikapungua vya kutosha au nyama yako haikuwa na ngozi na mishipa ya kutoa ute. Pima hivi: tia kijiko kimoja kwenye kisahani, weka friji dakika tano, inamisha. Ikitiririka irudishe jikoni. Ikitetemeka tu bila kukimbia umefika. (Chumvi usiimalize mwanzoni kwenye hii supu, inapopungua chumvi inabaki yote, nimewahi kupata kitu kama maji ya bahari ya Tanga.)

Ikiwa nyama ilikuwa baridi na supu imeganda na bado chini pamelowa, basi shida ni bati na mahali ulipoliweka. Bakuli zito la udongo linachelewa kupata moto, la kioo lina nafuu kidogo na faida yake unaweza kuchungulia chini, bati jembamba la chuma au alumini ndo linapeleka moto haraka. Weka wavu wa chini kabisa wa oveni. Na kuna ujanja mmoja, tia trei tupu ya chuma humo ndani wakati oveni inapata moto, ukiingiza pai unaiweka juu ya ile trei ambayo tayari inachoma, chini panaanza kuiva sekunde hiyo hiyo.

Kuna watu wanamwaga chenga za mkate chini ili zinyonye maji. Inasaidia, ila kwangu naona ni kuweka ndoo chini ya paa linalovuja.

Nyama kavu, unatafuna kama mbao za msumeno

Angalia ulinunua nyama gani. Steki na kifua cha kuku ni kwa watu wa haraka, ukizichemsha masaa matatu zinatoa maji yake yote na hazina cha kurudisha. Bega, shavu, paja, nyama yenye mishipa, hizo ndo zinalainika maana ule mshipa mweupe unayeyuka kuwa ute. Kuku anaiva mapema kuliko wenzie, mimi namtupia saa moja ya mwisho.

Sababu nyingine ni ulisikia habari ya kulowa ukaogopa, ukachuja supu yote ukaimwaga. Usimwage! Kiasi chake ni kama nusu kikombe mpaka robo tatu ya ile jeli kwa pai moja. Na sababu ya tatu ni kuchambua nyama sana mpaka inakuwa nyuzi, acha vipande vya ukubwa wa kete ya bao, vingine vitavunjika vyenyewe.

Ganda gumu, kisu kinagoma

Hapa nasema na ndugu zangu wote tuliokulia kwenye chapati. Mkono wetu umefundishwa kukanda, tunakanda mpaka donge linang'aa, bibi amesimama nyuma anasema kanda, kanda bado. Kwenye pai hiyo ni dhambi. Ukikanda unaamsha gluteni, ile nguvu inayoifanya chapati ivutike bila kukatika, na ganda la pai halitakiwi kuvutika, linatakiwa kumeguka. Kata mafuta baridi kwenye unga kwa visu viwili au ncha za vidole mpaka upate vipande vya ukubwa wa kunde, tia maji kijiko kijiko, ukibana kwa kiganja likashikana BASI, acha, hata kama linaonekana chafu chafu lina mabaka. Yale mabaka ya mafuta ndo yatayeyuka yaache nafasi na ganda liwe na matabaka.

Kama hukukanda na bado gumu, ulitia maji mengi. Kama limetoka kama biskuti iliyojaa mafuta, linapukutika tu na linang'ang'ania kaakaa, mafuta yaliyeyuka mkononi wakati unachanganya, ama jiko lako lina joto. Rudisha friji kila linapoanza kunata. Mtu anayepika Dar mwezi wa pili aweke hata unga wenyewe kwenye friza nusu saa, sitanii.

Ganda limesinyaa limeacha ukingo

Hukulipumzisha. Donge likae friji nusu saa kabla ya kusukuma, na ukilisukuma ukaliona linarudi nyuma kama mpira liache dakika kumi. Na ukiliweka kwenye bati lilegeze liangukie lenyewe kwenye kona, usilivute likafika, kila ulichovuta kitarudi kwenye moto.

Mchuzi umepasua pembeni, oveni imejaa moshi

Hukutoboa juu. Mvuke lazima upate mlango, ukimnyima anajitengenezea, na siku zote anachagua pale ulipobana vibaya. Toboa mikato minne mitano ya ukubwa wa kidole katikati. Ukingo upake maji au yai ndo ubane na uma. Na usijaze mpaka kichuguu, nyama iishie chini ya ukingo kidogo.

Juu pameungua, ndani bado

Ukiona rangi imeshakolea na dakika 20 bado, funika juu kwa karatasi ya foili ilegee tu, usiibane. Kuiva kwenyewe usikisie kwa rangi, nyama ilishaiva jana, unachotaka ni ganda la chini liwe kavu na katikati pafike nyuzi 74. Kama huna kipimajoto chomeka kisu katikati uhesabu mpaka kumi, kitoe kiguse mdomo wa chini kidogo, kikiwa cha moto kweli sawa.

Ulimi umekufa ganzi

Usicheke, ilinitokea. Nilirudi likizo kutoka Zanzibar na kifuko cha karafuu za Pemba, nikasema leo hawa Waacadie watajua karafuu ni nini. Nikasaga nikatia kijiko kizima kwa sababu maelekezo ya mtu fulani yalisema kijiko. Sasa karafuu za unga za supamaketi huku zimekaa rafu sijui tangu lini, nusu ya nguvu imeshapotea hewani, na zangu zilikuwa bado zina mafuta yake. Yale mafuta yana kitu kinaitwa eujenoli, ndo hicho hicho madaktari wa meno wanatumia kutuliza jino. Wageni wangu walikula kimya kimya kwa heshima, mmoja akaniambia ni kama ametoka kung'olewa jino.

Karafuu mpya saga mbili tatu tu kwa pai nzima, inatosha. Ukishazidisha, njia pekee ni kuongeza nyama na kiazi kilichochemshwa kikaparazwa, sukari haisaidii.

Na kinyume chake, pai ikiwa haina ladha kabisa, mara nyingi ni kwamba ulionja nyama ikiwa ya moto jana na hukuonja tena. Nyama ya baridi iliyokutana na ganda lisilo na chumvi nyingi inapoa ladha, onja asubuhi baada ya kuchanganya jeli na uongeze chumvi na pilipili manga kidogo zaidi ya unavyodhani. Kama chumvi ipo na bado unahisi kuna kitu kinakosekana, ni ile sarriette. Zaatari inaziba pengo lakini bibi jirani akionja anajua.

Ukikata inamwagika yote kwenye sahani

Umekata ikiwa moto. Jeli ikiwa ya moto ni mchuzi tu, ipe nusu saa nje ikae. Kama hata baada ya nusu saa inamwagika, supu yako haikupungua vya kutosha (rudi juu kule), na kwa mara ijayo unaweza kuchanganya kiazi kimoja kilichoparazwa kwenye nyama dakika 20 za mwisho za kuchemsha. Wako wanaotia kiazi na wako wanaosema kiazi ni ubahili, mimi ugomvi huo siuingii.

Sili nguruwe

Inawezekana na wala hutakuwa umeharibu kitu, maana hii pai tangu zamani mtu anatia alichonacho, kuna wanaotia kuku, kuna wanaotia sungura wa porini aliyetegwa msituni. Tumia ng'ombe na kuku nusu kwa nusu. Utapata shida mbili. Ya kwanza supu haitaganda vizuri, na dawa yake sisi tunayo: makongoro. Kipande kimoja cha kongoro kwenye sufuria, chemsha nalo toka mwanzo, supu italala friji asubuhi unaweza kuikata kwa kisu. Ya pili ni mafuta ya ganda, ukitumia siagi kumbuka siagi ina maji ndani yake, kama asilimia 16 hivi, kwahiyo punguza maji ya donge vijiko viwili vya chakula, vinginevyo unarudi kwenye ganda gumu.

Niliigandisha, imetoka laini na ina maji

Uliiacha iyeyuke kwanza. Pai ya friza iwe mbichi (yaani nyama imeiva ganda halijaokwa), itoke friza iende oveni moja kwa moja, dakika 20 kwenye 220 alafu kama saa nzima kwenye 180, na bati liwe la chuma, kioo kikitoka friza kikakutana na moto kinaweza kupasuka. Ukiiacha mezani iyeyuke maji yote ya barafu yanaingia kwenye ganda la chini. Na iliyokwishaiva ikibaki usiipashe kwenye maikrowevu, ganda linakuwa kitambaa, tia oveni 160 dakika 20.

Hapa niongeze la usalama maana nimeona watu wanaacha sufuria la nyama juu ya jiko usiku kucha "ipoe". Masaa mawili, isizidi, iwe friji. Ukitaka ipoe haraka itandaze kwenye trei pana.

Yangu imekuwa ya kijivu na inavutika kama gundi

Huyo siyo mgonjwa wa hapa. Umepika râpure, chakula kingine cha Waacadie, maarufu upande wa Baie Sainte-Marie kule Nova Scotia, ya viazi vibichi vilivyoparazwa vikakamuliwa maji yote, alafu badala ya maji yale unarudishia supu ya kuku. Haina ganda. Kuvutika kidogo ndo ilivyo, kama inavutika kupita kiasi supu haikuwa inachemka kweli wakati unaimwagia, au hukukamua ukamaliza. Pima maji uliyokamua, hicho ndo kipimo cha kuanzia cha supu ya kurudisha.

Mgeni amemwagia molasi juu

Huyo mwache. Nilivyoona mara ya kwanza nilitaka kumnyang'anya ile chupa, nyama ya chumvi na karafuu alafu mtu anachuruzisha kitu cheusi kama sukari guru iliyoyeyuka. Mume wa bibi jirani alinitazama, akakata kipande kingine, akanisogezea chupa.